Je, Wajua? Jasho la China Katika Miaka Elfu Mbili

Safari hii tunafunga raba na kuingia China, nchi ambayo habari za michezo yake zimeandikwa tangu kabla ya kuzaliwa Kristo. Soma ukiwa na swali moja: kwa nini michezo iliyopendwa na wafalme na kugharimiwa na hazina ya dola imepotea, ilhali mazoezi ya watu wa kawaida, yasiyohitaji hata senti, yangali hai mpaka leo?

MPIRA KABLA YA MPIRA

1. Je, wajua kuwa mwaka 2004 FIFA iliitambua China kuwa chimbuko la aina ya kale zaidi ya mpira wa miguu inayojulikana? Mchezo huo huitwa cuju, na mji unaotajwa ni Linzi, katika jimbo la Shandong la leo. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliwataja wakazi wa Linzi kuwa wapenzi wa kupiga mpira, kupiga muziki na kupiganisha majogoo.

2. Je, wajua kuwa mpira ulikuwa zoezi la jeshi? Huo Qubing, jenerali wa enzi ya Han aliyefariki kabla ya kufika miaka 25, alitengeneza uwanja wa kuchezea cuju huko mpakani alikokuwa akipigana na Waxiongnu. Sima Qian alilitaja jambo hilo kwa lawama, kwa sababu siku hizo askari wa Huo walikuwa na njaa.

3. Mipira ya mwanzo ilikuwa ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya, mizito na isiyodunda. Katika enzi ya Tang (618–907) mafundi walianza kuweka kibofu cha mnyama kilichojazwa upepo ndani ya ngozi. Mpira ukawa mwepesi na mchezo ukabadilika: badala ya kusukumana, wachezaji wakaanza kuringia ufundi wa kuuzuia mpira usiguse chini.

4. Na goli je? Katika enzi ya Song (960–1279) goli lilikuwa moja tu, katikati ya uwanja: tundu dogo lililowekwa juu kabisa kati ya nguzo ndefu. Timu iliupigapiga mpira hewani, mchezaji kwa mchezaji, hadi ukamfikia mpigaji aliyeupitisha kwenye tundu. Miji mikubwa ilikuwa na vyama vya wachezaji vyenye kanuni zake.

5. Je, wajua kuwa kuna mtu aliyepanda cheo kwa miguu yake miwili? Gao Qiu alikuwa mtumishi tu alipomfurahisha mwana wa mfalme kwa ufundi wake wa cuju. Mwana huyo alipotawazwa kuwa mfalme Huizong, Gao Qiu akapanda hadi kuwa kamanda wa walinzi wa ikulu. Gao Qiu alifariki mwaka 1126. Mwaka uliofuata majeshi ya Wajurchen yalimchukua Huizong mateka, na dola ya Song ikapoteza nusu yake ya kaskazini. Waandishi wa baadaye walimfanya Gao Qiu mfano wa cheo kisichostahili.

6. Zhu Yuanzhang, mkulima aliyeanzisha enzi ya Ming mwaka 1368, hakutaka kuona hayo yakirudi. Aliwapiga marufuku askari wake kucheza cuju, kwa adhabu kali. Mchezo ukakosa heshima, ukabaki kwenye nyumba za starehe, na katika enzi ya Qing ukafifia kabisa. Mpira wa miguu uliorudi China katika karne ya 19 ulikuja na meli za Waingereza.

MWILI NI DAWA

7. Je, wajua kuwa mchoro wa mazoezi ya viungo wenye umri wa karibu miaka 2,200 umehifadhiwa kwenye kitambaa cha hariri? Ulipatikana katika makaburi ya Mawangdui, mjini Changsha, kwenye kaburi lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unaonyesha watu 44, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wengine wamevaa kanzu, wengine vifua wazi. Kila mmoja anajinyoosha kwa namna yake, na baadhi ya mazoezi yana majina ya wanyama.

8. Tabibu Hua Tuo, aliyefariki karibu mwaka 208, alibuni mazoezi ya wanyama watano: chui milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Alifundisha kuwa mwili unahitaji kutumika, lakini usichoshwe kupita kiasi. Anayejisikia vibaya aige mnyama mmoja hadi jasho limtoke, kisha atapata nafuu na hamu ya kula. Aliyasema hayo takriban miaka 1,800 kabla ya daktari wako kukushauri utembee kila siku.

9. Je, dawa hiyo ilifanya kazi? Vitabu vya historia vinasema mwanafunzi wake Wu Pu aliyashika mazoezi hayo akapita miaka 90, macho yake yakiona, masikio yakisikia, na meno yote yakiwa kinywani. Mwalimu mwenyewe hakubahatika kuzeeka hivyo: mbabe wa vita Cao Cao alimfunga na kumuua.

10. Tao Kan, gavana wa karne ya 4, alipelekwa Guangzhou, mji wa mbali wenye kazi chache. Kila asubuhi alibeba matofali mia moja kuyatoa nje, na kila jioni akayarudisha ndani. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa bado ana kazi ya kuikomboa nchi, na anaogopa starehe itamlegeza. Alipata umri wa miaka 70 na ushei akiwa bado jemadari.

11. Katika kizazi hichohicho, vijana wawili, Zu Ti na Liu Kun, waliokuwa wakilala chumba kimoja, waliamka jogoo alipowika usiku wa manane wakatoka kufanya mazoezi ya upanga. Wote wawili walikuja kuwa majemadari. Wazazi wa Kichina bado wanawasimulia watoto kisa hicho wanapowaamsha mapema.

12. Seti iitwayo baduanjin ina mazoezi manane tu, na imejulikana tangu enzi ya Song. Kuna zoezi la kuinua mikono kana kwamba unaishika mbingu, na jingine la kuvuta upinde usioonekana kushoto na kulia. Mwaka 2003 serikali ya China ilitoa mtindo rasmi wa baduanjin pamoja na ule wa wanyama watano wa Hua Tuo, na sasa hufundishwa katika bustani na vyuo vingi.

FARASI, PUNDA NA IKULU

13. Je, wajua kuwa polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi, ulikuwa kichaa cha ikulu ya Tang? Katika kaburi la mwana wa mfalme Li Xian, aliyezikwa upya kwa heshima mwaka 706 karibu na mji mkuu Chang'an, ukuta mzima umechorwa wapanda farasi zaidi ya 20 wakiufukuzia mpira mmoja.

14. Mapema katika karne ya 8 ujumbe kutoka Tibet ulikuja Chang'an kumchukua binti wa kifalme aliyeposwa. Watibeti walipowashinda wachezaji wa ikulu, wenyeji wakaingiza timu ya watu wanne tu dhidi ya wageni kumi. Wanne wakashinda. Aliyekimbiza farasi wake kama upepo siku hiyo alikuwa Li Longji, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Xuanzong kwa miaka zaidi ya 40.

15. Lakini penye mapenzi yasiyo na kiasi pana hasara. Mwaka 880 mfalme Xizong, kijana wa miaka 18, alitakiwa kuchagua makamanda wa majimbo. Akawaagiza wagombea wanne wacheze polo. Chen Jingxuan akashinda, akapewa jimbo lenye utajiri mkubwa la Xichuan. Mwaka huohuo waasi wa Huang Chao waliukaribia mji mkuu, na mfalme akakimbilia Chengdu, kwa Chen yuleyule. Enzi ya Tang haikupona tena. Ilianguka mwaka 907.

16. Na punda? Wanawake na wazee wa Tang walicheza polo juu ya punda, kwa kuwa punda hana kasi ya kuvunja shingo ya mtu. Bibi Cui Shi, mke wa afisa aliyepandishwa cheo kwa ufundi wa polo, alizikwa mjini Xi'an mwaka 878 pamoja na punda wake. Mwaka 2020 wanaakiolojia walioichunguza mifupa hiyo walieleza kuwa punda hao hawakuwa wa kubeba mizigo. Walikimbia na kugeukageuka, kama wanyama wa mchezo.

17. Enzi ya Song ilipofika, wengi walishuka kwenye farasi wakacheza chuiwan: kupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi uingie kwenye shimo lenye bendera. Kitabu cha kanuni zake kiliandikwa mwaka 1282, na kinasisitiza adabu kuliko ushindi. Upo pia mchoro wa mfalme Xuande wa Ming akicheza huku watumishi wakimshikia fimbo. Polo ilififia, chuiwan ikafuata. Michezo hiyo ilikaa mikononi mwa wachache, na wachache hao walipoiacha hakubaki wa kuirithi.

SHULE NA KAMBI

18. Je, wajua kuwa elimu ya kijana wa tabaka la juu katika enzi ya Zhou, kabla na wakati wa Confucius, ilikuwa na masomo sita? Adabu na ibada, muziki, upigaji mishale, uendeshaji wa magari ya farasi, uandishi na hesabu. Masomo mawili kati ya sita yalihitaji misuli. Confucius mwenyewe alilichukulia shindano la mishale kuwa shule ya adabu: unainama kabla ya kupanda jukwaani, na unakunywa na mpinzani wako baada ya kushuka.

19. Mfalme Wu wa Qin alipenda wanyanyuaji wa vitu vizito kiasi cha kuwapa vyeo. Mwaka 307 KK, akishindana na shujaa wake Meng Yue, alijaribu kuinua chungu kikubwa cha shaba cha miguu mitatu. Kikamponyoka, akavunjika mguu, akafa. Meng Yue aliuawa pamoja na ukoo wake. Ndugu wa mfalme aliyerithi kiti alitawala zaidi ya miaka 50, na ndiye aliyeweka msingi wa Qin kuiunganisha China.

20. Mtihani wa taifa wa kijeshi, wenye kupima mishale juu ya farasi, mkuki na nguvu za kubeba mizigo, ulianzishwa mwaka 702 na mwanamke: Wu Zetian, mwanamke pekee kutawala China kwa cheo kamili cha mfalme. Guo Ziyi, aliyefaulu mtihani huo, ndiye jemadari aliyeiokoa Tang katika uasi wa An Lushan. Mtihani ulifutwa mwaka 1901, watahiniwa wakiwa bado wanainua mawe na kuvuta pinde katika dunia iliyokwisha kujaa mizinga.

21. Hii iwafikie wapenzi wa mbio ndefu. Kuanzia mwaka 1287, enzi ya Kublai Khan, walinzi wa mfalme walishindanishwa kila mwaka kwa mbio za takriban kilomita 90, zaidi ya mara mbili ya marathoni ya leo. Kamba ilivutwa mbele yao ili wote waondoke pamoja. Walifika ikulu kwa muda wa saa sita hivi, wakamsujudia mfalme, na wa kwanza akapewa kipande kizito cha fedha.

22. Hekalu la Shaolin, katika Mlima Song jimboni Henan, lilijengwa mwaka 495 kwa ajili ya ibada. Sifa yake ya kivita ina ushahidi uliochongwa kwenye jiwe: mwaka 621 watawa wake walimsaidia Li Shimin katika vita dhidi ya Wang Shichong, na majina ya watawa 13 yameandikwa hapo. Li Shimin alikuja kuwa mfalme Taizong, mmoja wa watawala wanaoheshimiwa zaidi katika historia ya China.

MAJI NA BARAFU

23. Je, wajua kuwa mashindano ya mashua za joka yamefungamana na msiba wa mshairi? Qu Yuan, mshauri aliyefukuzwa na mfalme wake, alijitosa katika Mto Miluo karibu mwaka 278 KK. Watu, kwa mujibu wa masimulizi, waliruka mashuani kumtafuta. Kila siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda ya Kichina, makasia bado yanapigwa kwa mdundo wa ngoma. UNESCO iliiingiza sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009.

24. Mto Qiantang, karibu na Hangzhou, hupandisha wimbi kubwa kutoka baharini, ukuta wa maji unaosonga juu ya mto. Katika enzi ya Song vijana waliochora chale mwilini waliogelea kulikabili wimbi hilo wakiwa wameshika bendera. Fahari yao ilikuwa kutokea upande wa pili bendera ikiwa kavu.

25. Wamanchu waliotawala China kwa jina la Qing walitoka nchi ya baridi. Mfalme Qianlong aliita michezo ya kuteleza barafuni kuwa desturi ya taifa. Kila majira ya baridi askari waliteleza mbele yake kwenye ziwa lililoganda mjini Beijing, wakilenga mishale kwenye mpira ulioning'inizwa. Ziwa hilo leo ni sehemu ya bustani ya Beihai, na wananchi huteleza palepale.

WANAWAKE UWANJANI

26. Je, wajua kuwa mieleka ya wanawake ilipendwa mno katika enzi ya Song hadi ikazua mjadala ikuluni? Mwaka 1062 mfalme Renzong aliitazama hadharani, wanawake wakiwa na nguo chache. Mwanazuoni Sima Guang alimwandikia akimtaka aikomeshe. Sima Guang huyohuyo, miaka kumi baadaye, aliandika kanuni mpya za mchezo wa kutupia mishale kwenye chupa, akiutaka ufundishe utulivu na unyoofu.

27. Baadaye likaja janga. Desturi ya kufunga miguu ya wasichana, iliyoanza karibu karne ya 10 na kuenea sana enzi za Ming na Qing, iliwavunja mifupa mamilioni ya watoto ili miguu ibaki midogo. Kukimbia kukawa maumivu. Serikali mpya ya jamhuri ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1912. Miaka 45 baadaye, tarehe 17 Novemba 1957, msichana Zheng Fengrong aliruka mita 1.77 mjini Beijing na kuvunja rekodi ya dunia ya kuruka juu kwa wanawake. Mruko huo ulikuwa jibu kwa karne nyingi za vitambaa.

28. Pan Duo, mama wa watoto watatu kutoka Tibet, alifika kilele cha Mlima Everest tarehe 27 Mei 1975, siku 11 tu baada ya Mjapani Junko Tabei kuwa mwanamke wa kwanza kukifikia. Tabei alipanda kwa upande wa kusini. Pan Duo ndiye mwanamke wa kwanza kupanda kwa upande wa kaskazini.

29. Lang Ping alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki ya mpira wa wavu akiwa mchezaji mwaka 1984, kisha akaishinda tena akiwa kocha wa China mwaka 2016. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake katika mchezo huo. Katikati ya safari hiyo aliwafundisha Wamarekani, akawapa fedha mjini Beijing mwaka 2008.

KARNE YA MABADILIKO

30. Je, wajua kuwa mpira wa kikapu ulifika China miaka michache tu baada ya kubuniwa Marekani mwaka 1891? Uliingilia Tianjin, kupitia chama cha vijana wa Kikristo, YMCA. Mwaka 1910 mjini Shanghai kikaanzishwa chama cha Jingwu, kwa jina la bingwa wa kungfu Huo Yuanjia. Kilifundisha hadharani sanaa zilizokuwa siri za koo, kikawapokea wanawake, na matawi yake yakaenea Asia ya Kusini-Mashariki.

31. Andiko la kwanza mashuhuri la Mao Zedong lilihusu mazoezi ya mwili. Lilichapishwa mwaka 1917 katika jarida la Vijana Wapya, akiwa na miaka 23, na alitumia jina la kificho. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa lenye watu dhaifu haliwezi kujitetea, na kwamba elimu bila afya haina pa kukaa.

32. Mwaka 1932 China, nchi ya mamia ya mamilioni ya watu, iliingiza mwanariadha mmoja tu kwenye Olimpiki ya Los Angeles. Liu Changchun, mkimbiaji wa mbio fupi kutoka Dalian, alikataa kuiwakilisha dola ya kibaraka iliyoundwa na Wajapani huko Manchuria. Alisafiri kwa meli wiki tatu, akafika siku moja kabla ya ufunguzi akiwa amechoka, akatolewa katika mchujo wa mita 100 na wa mita 200. Jina lake limeheshimiwa kuliko la washindi wengi.

33. Timu ya soka ya China iliyokwenda Berlin mwaka 1936 haikuwa na nauli ya kutosha. Ikaondoka mapema, ikacheza mechi njiani katika miji ya Asia ya Kusini-Mashariki na India, na viingilio vikalipia safari. Ilifungwa 2–0 na Uingereza, miguu ikiwa imechoka na mechi nyingi kuliko mashindano yenyewe.

34. Tarehe 24 Novemba 1951 Wachina walitangaziwa mazoezi ya viungo kwa redio. Muziki ukapigwa, sauti ikahesabu, na watu wakajipanga viwandani, shuleni na maofisini. Nchi iliyotoka vitani, yenye viwanja vichache, ikapata uwanja popote penye redio na watu waliosimama. Nadhani huu ndio uvumbuzi mkubwa kuliko medali zote zilizofuata.

35. Rong Guotuan, kijana aliyezaliwa Hong Kong, alishinda ubingwa wa dunia wa mpira wa meza mjini Dortmund mwaka 1959 na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa China mpya. Mwaka 1971 mjini Nagoya, mchezaji wa Marekani Glenn Cowan alipanda basi la timu ya China. Bingwa Zhuang Zedong akamsalimu na kumpa zawadi ya picha ya hariri. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilialikwa China, na Februari 1972 rais Nixon akatua Beijing.

36. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa China ilipatikana tarehe 29 Julai 1984, na Xu Haifeng, mlenga shabaha kwa bastola. Mji ulikuwa Los Angeles, uleule wa Liu Changchun. Liu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

CHINA NA AFRIKA MASHARIKI

37. Je, wajua kuwa viwanja kadhaa tunavyovishangilia vimejengwa kwa ushirikiano na China? Upo Amaan wa Zanzibar, upo Kasarani wa Nairobi uliotumika katika Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na upo wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000.

38. Beijing nayo imetupa furaha. Mwaka 2008 Samuel Wanjiru alikimbia marathoni kwa saa 2:06:32 katika joto kali, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika marathoni ya wanaume. Mwaka 2015, katika uwanja uleule, Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, na Kenya ikaongoza jedwali la medali.

LEO HII

39. Taichi, mazoezi ya polepole yanayojulikana dunia nzima, yalikuwa mbinu ya kupigana katika kijiji cha Chenjiagou, Henan, tangu karne ya 17. Yang Luchan aliipeleka Beijing katika karne ya 19. Mwaka 1956 wataalamu wa serikali waliifupisha kuwa hatua 24 ili kila mtu aiweze. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2020.

40. Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 Agosti 2008. Tangu mwaka 2009, China imeiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Taifa ya Mazoezi. Mwaka 2022 Beijing ikawa mji wa kwanza duniani kuandaa Olimpiki ya kiangazi na ile ya majira ya baridi. Lakini ukitaka kuona umati wa kila siku, nenda kwenye viwanja vya mitaa jioni, ambako kina mama wastaafu hucheza ngoma za pamoja kwa spika moja.

41. Na mchezo wa bei nafuu kuliko yote? Jianzi: manyoya machache yaliyofungwa kwenye kipande cha chuma au sarafu, yanayorushwa kwa mguu bila kuanguka. Umechezwa kwa karne nyingi. Bibi na mjukuu husimama duara moja, na hakuna anayelipa kiingilio.

NENO LA MWISHO

Turudi kwenye swali letu. Polo ilihitaji farasi, uwanja na kibali cha mfalme. Cuju ya mabingwa ilihitaji walezi wenye mali. Chuiwan ilihitaji muda wa mabwana. Walezi walipoondoka, michezo ikaondoka nao. Lakini wanyama watano wa Hua Tuo, mazoezi manane ya baduanjin, taichi ya kijijini, jianzi ya mtaani na redio ya mwaka 1951 vilihitaji kitu kimoja tu ambacho kila mtu anacho: mwili wake.

Sisi nasi tunajenga viwanja vikubwa, na ni vizuri. Lakini watu wengi mjini hawatawahi kukanyaga nyasi za viwanja hivyo. Wanachohitaji ni eneo la wazi la mtaa lisilouzwa, kipindi cha mazoezi redioni kila asubuhi, na mtu mzima wa kwanza asiyeona haya kunyoosha mikono mbele ya majirani. Mamlaka za miji ziyalinde maeneo hayo, vituo vya redio vitenge robo saa, na wewe, ndugu msomaji, uwe huyo wa kwanza. Anza kesho asubuhi, jasho likutoke kidogo, usijichoshe kupita kiasi, na mualike jirani.